Mlango Wenye Kiraka cha Bati

Ko!

Mmeshtuka? Nimegonga mimbari mara moja tu, tena mchana, tena mkiwa kanisani. Sasa fikirini mlango wa nyumba yenu ugongwe hivyo usiku, nchi ikiwa vitani, na sauti ya nje iseme kwa upole, "Mwenzetu, fungua."

Kulikuwa na mume na mke waliosikia mlio huo. Mume akatokea mlango wa jikoni, akakimbia. Mke akaufunga nyuma yake, wanaomtafuta wasijue kapita wapi. Mume akavuka ziwa, akafika mji wa watu, akawa mchoraji. Mwanzoni aliogopa kutaja jina lake. Baadaye woga ulimtoka, lakini hakuna aliyemuuliza. Wenyeji walikwisha kumwita Mgeni. Miaka ishirini, Mgeni! Alisalimiwa Mgeni, alisifiwa Mgeni, na picha zake zilipotundikwa katika jumba la maonyesho, chini yake wakaandika: Mgeni.

Siku ya mwisho ya maonyesho watu walijaa. Picha zote zilikuwa za mlango mmoja, umefungwa, una kiraka cha bati kwenye kona ya chini. Watu walitazama, wakakuna vichwa.

"Mlango huu ni nchi yake iliyomkataa," akaeleza msimamizi wa jumba.

"Mimi naona ni moyo wake," akasema bwana mmoja mwenye tai. "Au ni kaburi."

"Kaburi lenye kitasa?" mkewe akamuuliza.

Nyuma yao alisimama mama mzee, miguu ina vumbi la safari. Msafiri mmoja alikuwa amemwambia kwamba ng'ambo ya ziwa ameuona mlango wake ukutani. Mama akasema, "Huo ni mlango wa jikoni kwangu. Hilo bati nililipigilia mimi. Panya walitusumbua."

Wakacheka. "Mama, hii ni sanaa," akasema msimamizi.

"Sawa, mwanangu. Lakini panya walikuwa panya. Aliyechora yuko wapi? Ni mume wangu."

"Mume wako! Anaitwa nani?"

Mama akautazama tena ule mlango.

"Hata jina la mumeo hulijui?"

"Nalijua. Wewe unamwitaje?"

"Mgeni."

"Huyo simjui."

Mmechanganyikiwa? Hata wao walichanganyikiwa. Wenye mtu hawana jina lake, mwenye jina halitamki! Ngojeni. Kwao yule mama, mke hamtaji mumewe kwa jina. Humtaja siku moja tu, siku ya kumzika. Na hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo hata "Baba Fulani" hakuwa nayo, alimwita "mwenzangu." Miaka yote majirani walimwambia, mtaje tukae matanga, moyo wako upumzike. Alikataa. Hakuwa tayari kumzika mtu ambaye hajaiona maiti yake.

Msimamizi akamhurumia, akampeleka hadi chumba cha nyuma, anamochorea mzee Mgeni. Akagonga.

"Huwa hafungui akigongewa, mama. Hata chakula tunamwachia hapa chini."

Mama akasogea. "Mwenzangu! Ni mimi."

Mlango haukufunguka. Kumbe ndani mzee amejibanza ukutani. Sauti ya mkewe imezeeka, hakuitambua. Na neno lile, au linalofanana nalo, ndilo alilolisikia usiku ule wa vita. Mama naye kasimama nje, hajui afanye nini. Akiondoka, amempoteza. Akilitaja jina, na ndani kumbe yumo mtu mwingine, amemzika mumewe kwa kinywa chake mwenyewe.

Ndugu zangu, sisi tuko upande gani wa mlango huo? Yule anayekaa benchi la mwisho, karibu na dirisha, tunayemwita "mkimbizi wetu," tumempa blanketi, tumempa sahani, tumemsifu anavyopiga ngoma ya kwaya. Anaitwa nani? Msiangalie chini. Anaitwa nani? Tunasimulia maisha yake kuliko anavyoyasimulia yeye, wala hatujamuuliza kitu ambacho mtoto huulizwa siku yake ya kwanza shuleni. Tunagonga, tunagonga kwa wema, kisha tunanung'unika kwamba hafungui. Leo tukitoka hapa, kabla ya chai, twendeni tukamuulize. Na tukishaambiwa, tumwite hivyo, hata kama ulimi utajikwaa.

Na yule mama? Alisimama sana. Akainama, akapapasa kona ya chini ya mlango, pale ambapo kwake palikuwa na bati. Kisha akainuka, akaweka mdomo karibu na mbao, na lile jina ambalo kwao huambiwa maiti, akamwambia mtu aliye hai:

"Asukulu."