Nyumba ya Kuishi Tu

Ndugu zangu, nipeni dakika chache niwasimulie habari ya mama mmoja. Msianze kutazamana. Hayupo katika usharika huu, nimemtunga mwenyewe, ingawa nadhani mkikutana naye mtamsalimia kama mtu mnayemjua.

Mama huyu alikuwa mjane, akiishi na mama yake mzazi ambaye miguu ilikuwa imeshamkatalia. Walikaa katika mji wa nyanda za juu, kwenye ile baridi ya kuvaa sweta mbili. Nyumba yao marehemu mumewe aliiacha imefika kwenye renta, kuta tupu bila paa. Kuezeka, kupiga lipu, kutia milango, vyote alivifanya yeye, na vyote vilitoka kwenye batiki. Batiki mnaijua: unayeyusha nta jikoni, unachovya kibao, unagonga kitambaani, halafu unatia rangi. Wengi huifanyia uani. Lakini kule kwao, nta ukiitoa nje upepo unaigandisha kabla haijafika kwenye kitambaa. Kwa hiyo yeye aliifanyia kwenye chumba cha nyuma, jiko la mkaa katikati, na vitambaa vimetundikwa kwenye kamba juu yake.

Siku moja nyumba ya mtaa wa pili ikaungua. Mama akaingiwa na hofu. Nyumba hii ikiondoka, alijiuliza, mama yangu nitamlaza wapi? Akaenda kukata bima ya nyumba. Hapo alitumia akili, tusimcheke. Wakala wa bima akamwambia, nitakuja Alhamisi niione.

Hapo ndipo mama alipokosa raha. Unadhani aliogopa kutozwa zaidi? Hata. Aliogopa kuambiwa. Alijua mwenyewe kwamba jiko lile limekaa vibaya, alikuwa amejua tangu mwaka juzi. Aliogopa mtu aingie, atikise kichwa, aseme hapa, mama, hapafai. Kisha kazi isimame, na yeye alikuwa ameshapokea oda ya sare za kongamano la akina mama.

Basi Alhamisi asubuhi alimwita jirani yake, mwanakwaya, dada wa watu mwenye roho nzuri. Wakahamisha kamba, wakahamisha jiko na madebe ya rangi, wakaingiza kitanda na kukitandika shuka la maua. Likabaki sufuria la nta, zito, bado lina joto. Wafanyeje? Wakalifunika khanga, jirani akalikalia kama kigoda, akachukua ungo akaanza kuchambua mchele.

Mnacheka. Subirini.

Wakala akaja, akapita chumba kwa chumba. Kile cha nyuma alisimama muda mrefu kidogo. Sakafuni kulikuwa na matone ya nta. Akamtazama mama mikono.

"Mama, mbona mikono yako ya bluu?"

"Nilikuwa nafua kitenge kipya, baba. Kinachuja rangi."

"Humu ndani hakuna kazi yoyote? Kushona, saluni, kupika vya kuuza?"

"Hakuna."

Yule bwana hakuandika. Aliishika kalamu tu. "Kama ipo niambie, mama. Wala si kosa, wako wengi. Tunaiandika, basi, yanakwisha."

"Baba, hii ni nyumba ya kuishi tu."

"Kabisa," akasema jirani kutoka juu ya sufuria.

Akaandika. Mama akasaini kwa mkono wake wa bluu.

Ngojeni niwaulize. Mtu huyu aliuliza mara ya kwanza, akauliza ya pili, akafikia hata kubembeleza. Mnafikiri alikuwa anamtega?

Miezi ikapita. Jumamosi moja asubuhi mteja alibisha hodi. Mama akatoka kumwonyesha rangi, hii au ile, maongezi yakanoga, mnatujua. Huku nyuma nta ikachemka, ikatoa moshi, ikashika moto. Mama aliposikia harufu akakimbia ndani, akafanya ambalo mimi na wewe tungelifanya. Alinyanyua ndoo ya maji akaimwaga yote ndani ya sufuria.

Moto uliruka hadi darini. Ulidaka vitambaa, ukadaka mbao, na kabla hajaweka ndoo chini chumba kizima kilikuwa kinawaka. Yeye na mteja wakamtoa yule bibi, mama yake, ndani ya blanketi, mmoja kichwani mmoja miguuni. Hicho tu ndicho kilichotoka. Majirani walileta maji, wengi mno, lakini saa sita mchana paa lilikuwa limeshalala chini.

Baada ya siku tatu wakala akaja na faili lake. Akasimama kwenye majivu, akavua kofia. Mama akamweleza yote: batiki, kitanda, sufuria lililokaliwa, kila kitu. Hakuwa tena na chumba cha kuficha.

"Mama," akasema yule bwana kwa sauti ya chini, "uliniambia kazi hiyo haipo, na moto umeanzia humo humo. Kampuni haitalipa. Naumia kukwambia."

Mama hakulia. Hilo alikuwa amelitarajia. Akauliza neno moja tu: "Ningesema ukweli, mngenikataa?"

"Tukukatae kwa nini? Ninao watu wa batiki watatu mji huu huu. Ungeongeza ada kidogo tu, kisha angekuja mkaguzi wetu akakuagiza mambo mawili. Vitambaa visikae juu ya jiko. Na ndoo ya mchanga iwe mlangoni."

"Mchanga?"

"Mchanga, mama. Nta ikiwaka haimwagiwi maji, maji ndiyo yanayourusha moto. Ukimwaga mchanga unazima pale pale."

Mama akageuza shingo. Pembeni ya pale palipokuwa nyumba kulikuwa na lundo la mchanga, masalio ya lipu, na kuku walikuwa wanajipigapiga vumbi juu yake. Akalitazama. Akaitazama mikono yake, ile iliyoinua ndoo. Ndipo akakaa chini, akalia kwa sauti, kilio ambacho mtaa ule haukuwa umekisikia hata siku ya msiba wa mumewe.

Mmeona alichokikimbia? Alikuwa anakimbia ushauri. Ushauri wenyewe ulikuwa ndoo moja ya mchanga, na mchanga alikuwa nao. Neno moja la kweli siku ile ya Alhamisi, na pengine asingehitaji kulipwa na mtu yeyote, kwa sababu nyumba ingekuwa imesimama na mama yake amelala ndani.

Sasa nawageukia ninyi, na najigeukia mwenyewe. Sisi kila Jumapili tunakuja kumkaribisha Mungu sebuleni. Chumba cha nyuma tumetandika shuka la maua. Kuna ndoa humu inayotoa moshi, kuna chupa, kuna chuki ya miaka saba na ndugu, na Bwana anasimama hapo mlangoni akiuliza kwa upole kama kuna kingine. Tunamjibu, hakuna. Na tulioketi nao benchi moja, watu wenye roho nzuri, wanatukalia sufuria na kusema, kabisa. Hata mimi mchungaji wenu nimewahi kumkalia mtu sufuria. Nilimpenda, nikamsaidia kuficha, na nikamzika. Naungama hilo mbele yenu leo.

Tunadhani anauliza ili atukamate. Jamani, macho anayo, matone sakafuni ameshayaona. Anauliza kwa sababu kuna jambo anataka kutuagiza mapema, na mara nyingi ni jambo dogo ambalo tayari tunalo: kumpigia mtu simu, kusema nimekosa, kumwambia mke wako kabla hajaambiwa na wengine. Tusipomwingiza kwenye chumba hicho, siku moto ukiwaka tutamwaga kilicho karibu, kwa nia njema kabisa, na tutauongeza kwa mikono yetu wenyewe.

Nawaomba tusimame. Leo wanakwaya wasiimbe kwanza, na mzee wa kanisa asisome. Tutakaa kimya, na kila mmoja atafungua mlango mmoja. Ukishaufungua, usijieleze. Mwache aingie, umsikilize atakachokuagiza, na ukifanye leo kabla hujala chakula cha mchana.