Komba, Kakakuona na Dirisha la Hondohondo

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma, sogeeni mbele. Watoto kwa wakubwa, shikaneni mikono, maana tunaingia ukunguni.

Hapo zamani za kale, ukungu ulipokuwa ukilala mabondeni hadi jua lipande utosini, palikuwa na shule ya wanyama. Haikuwa na kuta. Asubuhi ukiitazama, shule huioni. Unaona masikio yanaelea. Unaona pembe zinaelea. Unaona mikia inaelea, haina wenyewe. Ndipo walimu wake, minana, ndege wale wa manjano wasukao viota, walipoanza kuimba: chwi-chwi-chwi! Watoto wakaifuata sauti ndani ya ukungu, wakafika. Hiyo ndiyo iliyokuwa kengele yao.

Shuleni hapo walikuwamo matabibu wawili wa viungo. Komba, mwenye macho makubwa kama ya mtu aotaye akiwa macho, alitibu mikono. Kakakuona, mwenye magamba mwili mzima, alitibu miguu. Mtoto aliyeshindwa kushika aliletwa kwa Komba. Mtoto aliyeshindwa kusimama aliletwa kwa Kakakuona. Darasa hawakuwa nalo. Walifanyia kazi kivulini, pembeni, popote palipobaki.

Na alikuwapo kitoto cha mbega, jina lake Kishungi. Kishungi alianguka kutoka juu ya mti, tabwa! Mkono ukalegea. Mguu ukalegea. Sasa, mbega hakai chini. Chini hupita chui. Na mkuyu ukiisha matunda, kundi la mbega huhama, huruka kwenda miti ya ng'ambo ya mto. Asiyeweza kuruka hubaki. Mama yake alikuwa amekwisha kusema, "Mwanangu akibaki, nami nabaki." Wote walijua kwamba chui angewakuta wawili.

Basi kila asubuhi Kakakuona alimshika Kishungi kiuno, Komba akamwekea vidole juu ya tawi, wakamwimbia polepole, kama watu wanaombembeleza mtoto alale, kumbe wanamwamsha:

Shika, mwanangu, shika.
Legeza, mwanangu, legeza.

Itikieni, nanyi!

Shika, mwanangu, shika.
Legeza, mwanangu, legeza.

Kishungi akashika. Akalegeza. Akaanguka. Akacheka. Akashika tena.

Mkuu wa shule alikuwa Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa. Alikaa ndani ya shimo la mti, amejiziba kwa udongo, akabakiza ufa mwembamba. Ufa huo ndio dirisha lake. Uso mmoja tu ndio uliotoshea pale.

Siku moja Hondohondo akatangaza, "Mabonde jirani yana watoto wenye viungo dhaifu, na matabibu hakuna. Komba, Kakakuona, mtazunguka huko pia." Asubuhi za Kishungi zikapungua.

Komba akaenda dirishani peke yake.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, binti yangu. Mbona macho yamekutoka?"

"Ndivyo nilivyozaliwa, Mkuu. Nimekuja kwa ajili ya mtoto wa mbega. Asubuhi hazitoshi. Hajaweza kufumba kiganja."

"Aa! Kwa ajili yako tu, nakurudishia. Ila usimwambie mtu."

Komba akarudi anaruka, ruka, ruka, moyo mweupe.

Kulipokucha, Kakakuona hayupo. Amepelekwa bonde la mbali kuziba nafasi ya Komba. Mkono wa Kishungi ukapata mtu, mguu wake ukakosa. Kakakuona aliporudi, naye akaenda dirishani peke yake. "Aa! Kwa ajili yako tu," akaambiwa. "Ila usimwambie mtu." Kulipokucha, Komba ndiye aliyepelekwa mbali. Mguu ukapata, mkono ukakosa. Na juu ya mkuyu matunda yanapukutika, pu, pu, pu.

Wakakutana njiani, ukungu umewafika kiunoni.

"Mwizi wa asubuhi!" akasema Komba.

"Mwizi mimi? Na macho yako kama sahani, hukuona ulichonifanyia?"

"Tazama kwanza mgongo wako! Hindi linalotembea!"

Kakakuona akajikunja, kunju! Akawa mviringo, pua ndani, mkia nje. Ndiyo desturi yake akiumia. Komba naye akalia, ng'aa, ng'aa, na kilio cha komba ni kama cha mtoto mchanga. Wapita njia wakasema, "Kuna mtoto analia huko," wakaenda zao.

Kishungi alikuwa amekaa juu ya kisiki kando ya njia hiyo, anawangoja. Akauliza, "Leo nani atanishika?"

Sauti ikatoka ndani ya mviringo. "Komba, dada yangu. Wewe pia uliambiwa usimwambie mtu?"

Komba akafuta machozi. "Nami pia niliambiwa."

Sikilizeni sasa. Katika baraza la shule kila chama kilikuwa na gogo lake. Palikuwa na gogo la chama cha walimu, na gogo la chama cha wapishi. Mwenye gogo alisema mbele ya wote, na Mkuu alimjibu mbele ya wote. Asiye na gogo alikwenda dirishani.

Wawili hao wakalifikia gogo la wapishi, wakaomba nafasi. Ngiri, mpishi mkuu, akauliza, "Mnapika nini?" Hawapiki. Wakalifikia gogo la walimu. Mnana mmoja kijana akapiga kelele, "Hamna hata darasa! Chama cha walimu ni cha walimu!"

Bi Mnana, mkubwa wao, akainamisha kichwa. "Ngoja, mwanangu. Ninyi wawili, pale dirishani mliambiwa nini?"

"Kwa ajili yako tu," akasema Komba.

"Usimwambie mtu," akasema Kakakuona.

Bi Mnana akakunja mabawa. "Kabla ya gogo hili, nasi tulikwenda pale mmoja mmoja. Nilipewa majani laini ya kiota, nikaimba siku nzima. Baadaye nikagundua yalitoka kwenye kiota cha dada yangu, na mayai yake yalikuwa yamepoa. Jamani, sogeeni. Na wewe, kijana, sogea."

Wakasogea. Sogea, sogea, sogea. Nafasi ikapatikana.

"Sharti letu ni moja," akasema Bi Mnana. "Mkuu akikuita peke yako, huendi."

Habari ikafika dirishani. Makuyu yalikuwa yamebaki ya kuhesabika. Hondohondo akaita kwa sauti tamu, "Komba, binti yangu! Njoo peke yako. Nakupa asubuhi zote zilizobaki. Mtoto wako atashika!"

Komba akafumba macho. Akauona, kama katika ndoto, mkono wa Kishungi umefumba tawi, imara. Akauona na mguu wake unaning'inia kama jani lililolowa. Akafumbua macho.

"Nitakuja na mwenzangu, Mkuu. Na Bi Mnana."

"Dirisha ni jembamba!"

"Basi toka wewe."

Hondohondo hakutoka.

Asubuhi iliyofuata minana hawakuimba. Bonde zima likalala ndani ya weupe. Masikio yakaelea, yakapotea. Pembe zikaelea, zikapotea. Watoto wakasimama walipo, hawajui shule iko wapi. Hondohondo akaita mwenyewe, "Hoo! Hoo!" Ukungu ukamjibu, "Hoo! Hoo!" Hakuna aliyekuja. Akangoja. Akaogopa. Akaupiga udongo kwa mdomo, pwaa! Akatoka, mabawa yamejaa vumbi, akaja mpaka mbele ya gogo.

"Semeni," akasema.

Wakasema. Mtoto aliyeanza kutibiwa na tabibu asinyang'anywe tabibu huyo kabla hajapona. Mabonde jirani yatafutiwe matabibu wao. Komba akaongeza, "Wale watoto nao wana mikono. Fisimaji, yule wa mtoni, ana vidole vyepesi, mwiteni, nitamfundisha." Mkuu akakubali, mbele ya wote. Minana wakaimba, chwi-chwi-chwi! Watoto wakafika.

Na Kishungi? Kakakuona akamshika kiuno. Komba akamshika vidole. Wote wawili, asubuhi ile ile, na zilizofuata.

Kuyu la mwisho likaanguka, pu! Kundi likaanza kuruka. Mama akaruka, akamezwa na ukungu. Kishungi akasimama ukingoni mwa tawi, matabibu wake wakimshika na kumwimbia.

Legeza, mwanangu, legeza.

Matabibu wakaondoa mikono yao. Kishungi akaruka. Weupe ukajifunga nyuma yake. Mto unapita chini. Komba hakupumua. Kakakuona akataka kujikunja, hakujikunja.

Kutoka ng'ambo, sauti ndogo ikaita, "Nimeshika!"

Funzo lake ni hili, wakubwa kwa watoto: mfanyakazi aitwaye peke yake kwa siri, anachopewa kimetolewa mkononi mwa mwenzake. Nanyi mnaoshika watoto wa watu, kaeni gogo moja, mseme mbele ya wote.

Hadithi yangu imeishia hapo, ng'ambo ya mto. Ukungu na uondoke, twende nyumbani.