Kakakuona Hatabiri, Anakaba

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitika kinyonge, ndio nyie mliofungwa jana? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Wa Bondeni wakae karibu yangu. Wa Mlimani wakae kule, na karanga zangu wasiziguse.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na timu mbili, Bondeni na Mlimani, watani wa jadi. Msimu mmoja Mlimani waliifunga Bondeni mabao saba. Saba, wanangu. Kipa Nyegere alilia mpaka akasusa asali. Na Mlimani wakatunga wimbo:

*Ukuta wa Bondeni, ukuta wa makuti,*
*upepo ukivuma, vuu, chini.*

Wimbo ule uliimbwa njiani. Uliimbwa kisimani. Uliimbwa hata msibani, na marehemu alikuwa wa Bondeni.

Basi msimu mpya ukakaribia. Kocha Korongo akaweka kambi kando ya bwawa. Kila asubuhi mazoezi: kimbia, ruka, kaba. Kimbia, ruka, kaba. Na kila asubuhi mashabiki walipanda juu ya mkuyu kutazama. Mkubwa wao alikuwa Tumbili, mwenye ngoma. Pembeni yake alikaa Kanga, asiyeweza kunyamaza.

Walikuja kumtazama mtu mmoja tu, beki mpya wa kati. Alikuwa Kakakuona.

"Huyo ndiye tuliyemsajili?" akauliza Kanga. "Anatembea kama anatafuta sindano."

"Na macho hayaoni mbali," akasema Tumbili. "Jana nimempungia mkono, yeye akaupungia mti."

Swala, mshambuliaji wao, akampita Kakakuona, vyuu, akafunga. Mashabiki wakashangilia: mwaka huu tuna mshambuliaji. Kisha wakanuna: mwaka huu hatuna beki. Na bao lilikuwa lile lile moja. Jamani, mashabiki hawa.

Korongo alikuwa ameshatangaza. Kambi itafungwa kwa mechi ya kirafiki na Mlimani, na jioni yake ataandika orodha ya wachezaji. Asiyeandikwa atafungasha virago.

Sasa, desturi mnaijua. Kakakuona akionekana, watu humwekea vitu mbele yake, waone atagusa kipi, wajue mwaka utakuwaje. Mashabiki nao wakaona, kwa nini tuteseke kubahatisha? Mtabiri tunaye kikosini. Siku moja baada ya mazoezi, jua kali, wakamwekea ungo wenye kibuyu cha maji, jiwe na mwiba.

"Akigusa jiwe, ukuta utasimama," akasema Tumbili. "Akigusa mwiba, tutakuwa na majeruhi. Akigusa maji, ukuta utavuja."

Kakakuona akaja, amelowa jasho, anahema, he, he, he. Akaushika ule ungo, akanusa. Akachukua kibuyu, akanywa, gu, gu, gu, mpaka tone la mwisho.

"Tumekwisha," akasema Kanga. "Utavuja."

Kakakuona akafuta mdomo. "Nilikuwa na kiu, nimekunywa. Hayo ya kuvuja ni yenu. Tangu nizaliwe, kila ninakopita nawekewa vitu. Mwaka utakuwaje, Kakakuona? Vita vitakuja, Kakakuona? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nafanya kazi gani. Mimi ni beki. Sitabiri. Nakaba."

"Ana kiburi," akasema Kanga.

Tumbili akamwendea kocha. "Mwondoe huyu. Ametutabiria mabaya, halafu anatujibu."

Korongo akasimama kwa mguu mmoja, akafikiri. "Acha acheze kirafiki. Jioni nitaamua."

Siku ikafika. Mlimani wakaja na Ngiri wao, meno nje, vumbi nyuma. Filimbi ikalia. Ngiri akaja, gidi gidi gidi. Kakakuona akamnusa kulia, akajitupa kulia. Ngiri akapita kushoto. Pa. Moja. Upande wa pili wimbo ukaanza: *ukuta wa makuti, vuu, chini.*

Wakati wa mapumziko, Kakakuona hakwenda kunywa maji. Alikwenda chini ya mkuyu. Mashabiki walikuwa wanateremka, wanarudi makwao.

"Rudini juu," akasema. "Hateremki mtu."

"Unatuamuru sisi?" akauliza Tumbili.

"Nawaamuru. Macho yangu hayaoni mbali. Mmesema kweli, na mimi nililijua hilo kabla yenu. Lakini nikijikunja mbele ya mpira, haupiti. Shida yangu ni kujua nijikunje upande gani. Nyie mko juu, uwanja wote mnauona. Kambi nzima mmeniuliza kesho kuna nini. Hata siku moja hamjaniambia sasa hivi kuna nini. Ngiri akija, nataka kujua anakuja wapi. Mkishindwa hilo, basi panapovuja ni hapo mlipokaa."

Tumbili akajikuna. Akapanda, akaivuta ngoma yake.

"Nikigonga moja ni kulia," akasema. "Mbili, kushoto."

Kipindi cha pili kikaanza. Ngiri akaja, gidi gidi gidi. Ngoma, ti. Kakakuona kulia, akajikunja. Mpira ko, kwenye magamba, ukarudi ulikotoka. Ngiri akaja tena, gidi gidi gidi. Ngoma, ti-ti. Kakakuona kushoto. Ko. Akaja tena. Ti. Ko. Akaja tena. Ti-ti. Ko. Hata Kanga alinyamaza ili ngoma isikike, na jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

Filimbi ya mwisho ikalia. Mlimani moja, Bondeni hawana kitu.

"Mmefungwa," wakacheka Mlimani.

"Tumefungwa moja," akasema Tumbili kutoka mtini. "Na hiyo moja imeingia nikiwa nimekaa bure. Msimu unakuja. Mleteni Ngiri, na meno yake, na ukoo wake wote." Akagonga ngoma, na Bondeni wakaimba:

*Ukuta wa Bondeni, wauite wa makuti,*
*upepo ukivuma, vuu. Tupo.*

Jioni Korongo akatoa orodha. "Haya, Tumbili. Ulisema nimwondoe."

"Ukimkata yeye, kata na mkuyu," akasema Tumbili.

Korongo akaandika.

Kanga akaja na ungo. Ndani hamna jiwe, hamna mwiba, kuna kibuyu tu. Kakakuona akanywa, gu, gu, gu. Mtu wa Mlimani aliyekuwa anapita akasimama. "Amegusa maji," akasema. "Maana yake nini?"

"Ana kiu," akasema Kanga.

Wanangu, funzo ni hili. Ukitaka kujua kama ukuta wenu utasimama, usiuulize. Beba udongo. Hadithi yangu imefika mstari wa goli na imeishia hapo. Haivuki.