Zaka ya Mtoto wa Sultani

Palikuwa na Sultani, akiitwa Badawi, aliyetaka mvua inyeshe na nguo zake zisilowe. Mji wake ulikuwa na shule mbili za umma. Shule ya Juu, vigae na walimu kumi, ilijaa watoto wa matajiri. Shule ya Chini, makuti na mwalimu mmoja mwenye pumu, ilijaa watoto wa maskini. Katikati mfereji tu, ambao hata mbuzi mwenye mimba huuruka.

Wageni wa ng'ambo wakaona, wakacheka. Sultani akaingiwa na haya, akamwita karani.

"Changanya watoto! Kila shule iwe nusu matajiri, nusu maskini. Ila mtoto wa tajiri asivuke mfereji, unanuka."

"Na wa maskini, Maulana?"

"Naye asivuke. Atatuletea harufu."

Karani, mtu mwenye watoto sita na shingo moja tu, akachovya kalamu. Shule ya Juu, kila mtoto wa pili akamwandika maskini. Shule ya Chini, kila wa pili akamwandika tajiri. Kufika adhuhuri shule zimelingana kama masikio ya punda, na hakuna mguu uliopata vumbi. Sultani akapiga mhuri, akatangaza: "Atakayesema daftari hili ni la uongo, ulimi wake ni halali ya mkasi!"

Sasa, shuleni kulikuwa na desturi: mtoto maskini hunywa uji wa bure. Mize, binti wa Bi Pili, mjane msuka ukili, hakuwa na kingine cha kutia tumboni mpaka jioni. Akafika na kikombe chake. Mpishi akatazama orodha.

"Wewe tajiri. Sogea."

Uji wake ndio pekee uliovuka mfereji. Ukaenda kwa "maskini" wa Shule ya Juu, wakaunusa, wakawamwagia bata.

Siku ya tatu Mize akaanguka darasani kwa njaa. Wanaosimulia vibaya husema Bi Pili alilia. Hakulia. Alikuwa na ulimi wa kunyolea ndevu, na aliupenda, hakutaka kuachana nao. Akaenda kwa karani, akaomba asomewe daftari lote, jina kwa jina. Akasikia jina moja, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka.

Ijumaa, baada ya sala, Sultani kaketi barazani na wakubwa wake. Bi Pili akaingia, akatua juu ya zulia kikombe cha Mize. Ndani, konzi moja ya mtama. Ndicho kilichokuwa chakula chao cha jioni.

"Nini hii?"

"Zaka, Maulana."

"Zaka hupewa maskini, mama we!"

"Ndiyo maana nimeileta. Ya mwanao Munir."

Mkubwa mmoja akapaliwa na halua.

"Mwanangu, maskini?"

"Shule ya Juu, mstari wa nne. Mize wangu, Shule ya Chini, mstari wa nane, tajiri. Na tajiri asiyetoa zaka ana dhambi. Nimeogopa moto."

"Tajiri wewe, na kanga yenye matundu?"

"Hata mimi nilishangaa. Lakini mhuri wako haukushangaa."

"Nitakufunga!"

"Kwa kulitii daftari?"

"Ondoa mtama wako! Wape maskini wa kwenu!"

"Wa kwetu waliobaki wanapata uji. Mwanao nasikia anawamwagia bata. Maskini anayemwaga chakula, Maulana, huyo njaa imeshampanda kichwani. Awahiwe."

Wakubwa wakainamisha nyuso, mabega yakiwatikisika. Sultani akasimama, kilemba upande, akalipiga zulia bakora.

"Daftari hili ni la uongo!"

Bi Pili akaweka kidole mdomoni.

"Shh, Maulana, polepole! Kuna mkali mmoja mji huu anakata ndimi kwa neno hilo. Bahati yako, masikio yangu huziba kila mwanangu anapokunywa uji."