Barabara Iliyoishia Mtoni

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni ile ya juzi tu, mradi ulichonga barabara milimani Upare kutoka sokoni hadi ukingo wa mto. Ikaishia hapo. Ng'ambo aliishi Nanzia, binti pekee wa mjane Namkunda, naye alikuwa mjamzito. Kila ulipoitwa msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, Namkunda alikwenda kuponda mawe ya barabara, mikono huku, moyo ng'ambo. Alitaka jambo moja tu: Nanzia akijifungua, awepo yeye amkande, ampikie uji, ampakate mjukuu.

Daraja liliahidiwa. Lakini kwanza aje mtathmini, apime kama barabara imepunguza umaskini, na nani ameachwa nyuma.

Mwenyekiti Mmbaga akapita nyumba kwa nyumba. "Jamani, mgeni msimlilie shida. Ataona hatuna shukrani, tukose vyote."

Mtathmini, Leokadia, akaja wakati wa kiangazi, mto umekauka hata kuku anavuka. Akamkuta Namkunda ukingoni.

"Shikamoo, mama. Unatazama nini?"

"Marahaba, mwanangu. Natazama moshi wa kwa binti yangu, kule ng'ambo."

"Na barabara hii imekusaidia?"

Daraja! Neno lilimfika mdomoni, akalimeza. Kwao mgeni haagwi kwa manung'uniko. "Imetusaidia mno," akasema, akamfungia na jogoo wa kwenda naye.

Jibu la mradi likaja: kijiji hiki kimeshainuka, daraja lipelekwe kwingine.

Masika ikaingia kabla ya wakati wake, mto ukafura Namkunda hajavuka. Asubuhi moja vigelegele vikasikika ng'ambo. Namkunda akatoka mbio na khanga mpya ya kumpokelea mtoto. "Nanzia! Nanzia, mwanangu!" Maji yakavuma kuliko sauti yake. Akaketi matopeni, khanga kifuani, akalia. Nani asingelia?

Siku ile Leokadia alikuwa amepanda kuja kumsalimu mama aliyempa jogoo. Akawakuta watu wamejaa ukingoni.

"Wewe ndiwe msomi," Mmbaga akamkaripia. "Ulikuja kiangazi, ukapima mto usio na maji. Mama alikuambia ana binti ng'ambo. Mbona hukuuliza masika anamfikiaje?"

"Na wewe, mwenyekiti? Niliuliza kijiji kizima, kikanijibu wimbo mmoja. Wimbo huo nani aliwafundisha?"

"Niliogopa wasirudi tena!"

"Nami ningepeleka shida gani, ikiwa mwenye shida hakuitamka?"

Namkunda akainua uso. "Mwacheni mgeni, mwacheni na mwenyekiti. Aliyeulizwa ni mimi. Niliona haya kumwomba mgeni."

Mvua ikaanza upya.

Haya, nyinyi mlioketi hapa, msinitazame mimi, yangu ni kusimulia tu. Mtoto yuko ng'ambo, bibi yuko huku, hajamwona hata sura. Je, nani aliyemnyima Namkunda mjukuu wake?