Nishazoea, Mbwa Aliyetumwa Bila Kuagwa

Paukwa.

"Pakawa!"

Haya, mmeitika vizuri kuliko nilivyoita. Mimi leo sina sauti. Tangu alfajiri nimeinama chini ya mikarafuu, kiuno si changu tena. Lakini karafuu hizi lazima zichambuliwe leo, na nyinyi bila hadithi mikono yenu hulala kabla ya macho. Basi sogeeni motoni. Karafuu kulia, makonyo, vile vijiti vyake, kushoto. Faki, makonyo hayo unayatia wapi? Nakuona. Nitasimulia polepole, na atakayenikatisha ovyo atamaliza mwenyewe.

Hapo kale, kale ya kale, palikuwa na mji ambao watu wake walikuwa na ugonjwa mmoja: walitaka kujua. Wameshajua kina cha bahari, wameshajua mwisho wa msitu, wakabakiwa na mbingu. Wakila, ni mbingu. Wakilala, ni mbingu. Huko juu kuna nini? Mtu anaweza kuvuta pumzi huko?

Mafundi wa mji wakatengeneza chungu kikubwa cha chuma, chenye kifuniko, na chini yake moto mkali. Moto ukiwashwa, chungu kinapaa mpaka hukioni tena. Mkubwa wa mafundi aliitwa Shekuwe. Chungu kilipokuwa tayari, Shekuwe akauliza nani anaingia.

Kila mmoja na lake. Huyu mkewe mjamzito. Yule mguu unamuuma. Mwingine ana mpunga wake, asipokuwepo ndege wataumaliza. Shekuwe mwenyewe akasema wallahi angekwenda, lakini akienda yeye, nani atawasha moto?

"Waoga," akasema Riziki.

Si waoga, Riziki, ni watu. Chambua.

Basi wakakubaliana wapelekwe wanyama. Wanyama wa mji ule walikuwa na mlishi wao, mwanamke aliyeitwa Mwatime. Yeye ndiye aliyewapa maji asubuhi na chakula jioni, na wote waliijua sauti yake. Akiita mtu mwingine, hata kuku hageuzi shingo. Akiita Mwatime, wanakuja mbio. Kwa hiyo kila mnyama aliyeingia kwenye chungu kile aliingia kwa kuitwa na Mwatime.

Wa kwanza alikuwa Nzi. Mwatime akaweka embe bovu ndani ya chungu, akamwita, Nzi akaingia na jamaa zake. Moto ukawashwa. Chungu kikapaa, kikakaa huko, kikarudi. Kifuniko kikafunuliwa, Nzi akatoka mzima. Lo, ngoma ikapigwa, watu wakapikiwa pilau. Nzi naye akaenda kwenye sinia, maana katoka safari na ana njaa. Wakamfukuza kwa upepeo wa ukili. Akasema jamani, mimi ndiye niliyekwenda. Nani humsikiliza nzi? Akaenda zake jalalani, na habari yake ikaisha.

Wa pili alikuwa Kima. Shekuwe alisema pumzi ya nzi si pumzi ya mtu, atafutwe mwenye mikono na vidole. Mwatime akamwita Kima kwa ndizi mbivu, Kima akaja. Wakamkalisha ndani ya chungu, wakamfunga mikanda. Kima akamuuliza Mwatime mikanda ya nini, Mwatime akamwambia usije ukaanguka. Moto ukawashwa. Chungu kikapaa, kikakaa huko, kikarudi. Kima akatoka anatetemeka, manyoya yamesimama, jicho moja halioni vizuri.

Huyu hawakumfukuza. Huyu walimvika joho.

"Joho rangi gani, Bibi?" akauliza Kidawa.

Jekundu, na lilimwasha. Wakambeba mtaa kwa mtaa. Leo yuko kwenye harusi hii, kesho yuko kwenye baraza lile, na kila mtu anataka kumshika mkono. Kima akisema nimechoka, wanamwambia shujaa hachoki. Akisema nataka kurudi msituni kwetu, wanamwambia kesho. Ikawa kesho, na kesho, na kesho. Mwisho walimsahau uani kwa Mwatime, amekaa na joho lake, hata kulivua hana nguvu.

Sasa wa tatu. Huyu ndiye mwenye hadithi.

Shekuwe alitaka chungu kiende juu zaidi, kisirudi upesi, kiizunguke dunia. Mafundi wenzake wakamwambia, bwana, kukipeleka huko tunajua, kukirudisha kutoka huko bado hatujui. Tungoje. Shekuwe akasema sikukuu ya Sultani imekaribia na ameshaahidiwa jambo kubwa. Haraka haraka haina baraka, kila mtu alilijua hilo, na hakuna aliyelisema.

Wakamchagua mbwa wa sokoni. Jina lake Nishazoea. Watu wa sokoni ndio waliompa jina hilo, kwa sababu akipigwa jiwe hakimbii, akinyeshewa hasogei. Mafundi wakasema aliyeizoea njaa ya sokoni ataiweza na ya mbinguni.

"Ustadhi kasema mbwa haingii ndani," akasema Faki.

Huyu hakuingia ndani, Faki, aliingia kwenye chungu. Na Mwatime alimlisha nje, kibakuli chake kiko upenuni. Unataka nini tena?

Sikilizeni. Mtu akisafiri hapa kwetu mnajua inavyokuwa. Hata akienda Unguja tu, hupita kwa jamaa zake wote kuwaaga. Wao humwambia, tulilokukosea tuwie radhi. Naye huwaambia, na mimi niwieni radhi. Kwenda ni kwako, kurudi ni kwa Mungu. Mji ule nao ulikuwa na desturi hiyo hiyo. Mwatime akamwendea Shekuwe, akamwambia anataka kumuaga mbwa wake. Shekuwe akakataa. Akasema ukimuaga atajua, na akijua hataingia.

Mwatime akanyamaza. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hunyamaza upesi.

Siku ikafika. Mwatime akamwosha Nishazoea kwa maji ya vuguvugu, akamchana manyoya. Mbwa akafurahi, maana tangu azaliwe hakuna aliyemwosha. Kisha Mwatime akaingiza mkono ndani ya chungu, akamwita, na Nishazoea akaruka akaingia. Walipokuwa wakimfunga mikanda, akauliza, "Mwatime, nitarudi saa ngapi?"

Mwatime akasema, "Jioni. Chakula chako nitakuwekea."

Kifuniko kikafungwa.

"Kamdanganya," akasema Riziki.

Ndiyo, kamdanganya.

Moto ukawashwa. Chungu kikapaa, kikapita pale alipofika Nzi, kikapita pale alipofika Kima, kikaenda. Ndani joto likazidi. Sitawaeleza yote, hapa pana mtoto mdogo. Nishazoea alikufa siku ile ile, peke yake, bado amefungwa mikanda. Hapo ungesema yameisha. Lakini mbwa akiambiwa chakula jioni, hungoja jioni, awe hai au awe mfu. Jua lilipozama, chungu kikapita juu ya mji kinang'aa, na sauti ikashuka:

*Mwatime, Mwatime,*
*jioni imefika.*
*Umeniwekea?*

Itikieni kama alivyoitikia Mwatime. Semeni, nimekuwekea.

"Nimekuwekea."

Na kweli aliweka. Aliweka wali na vichwa vya dagaa upenuni. Asubuhi akakuta sisimizi. Jioni ya pili chungu kikapita, sauti ikashuka: Mwatime, Mwatime, jioni imefika, umeniwekea?

"Nimekuwekea."

Asubuhi, sisimizi. Jioni baada ya jioni ikawa vivyo hivyo. Watoto wachanga wakawa hawalali, wazee wakawa hawalali, mji mzima unatembea na macho mekundu. Mwatime ndiye aliyechoka kuliko wote, maana wenzake walisikia sauti, yeye alisikia jina lake.

Shekuwe akasema mbwa anataka heshima yake. Wakamchongea sanamu ya jiwe, wakaisimamisha pale pale sokoni walipokuwa wakimpiga mawe. Jioni ikafika. Sauti ikashuka.

"Mwatime, Mwatime, jioni imefika."

Ahsanteni, mmeshaijua. Wakasema heshima haikutosha. Wakaipa siku moja ya mwaka jina lake, wakapiga mizinga, wakatoa kanga yenye sura yake, imeandikwa AHSANTE SHUJAA WETU. Wanawake wakagombania doti dukani. Jioni ikafika, sauti ikashuka vile vile. Wakaleta malenga, akasimama mbele ya Sultani akamsifu Nishazoea kwa kujitolea kwake, mpaka watu wakalia. Jioni ikafika.

"Umeniwekea?"

Ndiyo. Umeniwekea.

Siku ile Mwatime alirudi nyumbani akakaa uani, hana hata nguvu ya kuwasha moto. Kima alikuwa pale, na joho lake limechakaa. Kima hakuwa msemaji, lakini usiku huo alisema.

"Mnamshukuru nini? Yeye hakutoa kitu. Nyinyi ndio mliomtoa. Mimi mmenivika joho, lakini hapana hata mmoja aliyeniomba radhi."

Mwatime alisimama, akamvua Kima joho polepole, maana mahali mahali lilikuwa limegandana na vidonda. Akamwambia, "Niwie radhi. Mikanda ile haikuwa ya kukuzuia usianguke. Ilikuwa ya kukuzuia usitoke." Akamfungulia mlango wa uani. Kima akatazama mlango, akamtazama Mwatime, akatoka. Hakugeuka nyuma, na Mwatime hakumwita.

Kesho yake jua likazama. Watu wakajaza masikio pamba. Chungu kikapita. Mwatime, Mwatime, jioni imefika, umeniwekea?

"Nimekuwekea," wakasema watoto.

La. Safari hii msiitikie. Mwatime alitoka nje, akasimama kweupe, akasema, "Sikukuwekea."

Chungu kikapunguza mwendo.

"Nishazoea, hata siku ile nilipokuahidi sikukusudia kukuwekea. Nilijua hurudi. Walinipa niite mimi kwa sababu sauti yangu huikatai, na mimi nikaita. Niwie radhi."

Pamba hazikuzuia kitu. Shekuwe alisikia akiwa dirishani, Sultani alisikia, mji mzima ulisikia. Kisha sauti ikashuka, ndogo.

"Ungeniuliza, ningekataa."

"Najua. Ndiyo maana sikukuuliza."

"Kwa hiyo jioni haipo?"

"Haipo, mwanangu."

"Basi nisingoje tena?"

"Usingoje. Kwaheri, Nishazoea. Nenda kapumzike."

"Nimechoka, Mwatime," akasema mbwa. Chungu kikaenda mpaka ukingoni mwa mbingu, kikawaka mara moja, kikazimika. Hakikupita tena.

"Alimsamehe?" akauliza Riziki.

Sijui. Hakusema. Mwatime naye hakumuuliza, maana radhi huombwa, haidaiwi. Alirudi ndani akalia, na majirani walisikia wakamwacha alie.

"Na wale mafundi, walikoma?"

Wakome wapi! Hazikupita siku nyingi Shekuwe akaja na kibwa kidogo, masikio bado yameanguka, akamwambia Mwatime aite. Mwatime akamwambia, "Mwite wewe." Shekuwe akaita. Kibwa kikakaa chini kinajikuna. Akaita mbuzi, akaita paka, akaita hata kuku. Hapana mnyama aliyegeuza shingo. Mafundi wakaita mpaka sauti zikakauka, na chungu kimekaa pale mdomo wazi, hakina mtu.

Mwisho akatokea kijana mmoja mfua vyuma, jina lake Machano, akasema nitakwenda mimi. Mwatime akamwuliza mbele ya watu, unajua kurudi hakuna hakika? Akasema najua. Akamwuliza tena, unakwenda kwa hiari yako? Akasema kwa hiari yangu. Basi Machano akapita nyumba kwa nyumba akiwaaga jamaa zake, na kila nyumba ikamwambia tuwie radhi. Alipofika kwa mama yake, mama akamkumbatia akalia kwa sauti mpaka mafundi wakaona haya, na hapana aliyethubutu kumwambia anyamaze. Ndipo wakawasha moto.

Sanamu ile bado iko sokoni. Lakini siku ya Nishazoea mizinga haipigwi tena, wala kanga haziuzwi. Watu hufunga maduka, wakakusanyika pale, wakawataja: Nzi, tuwie radhi. Kima, tuwie radhi. Nishazoea, tuwie radhi. Kisha wanakwenda nyumbani kuwapa wanyama wao maji.

Basi, wanangu, shikeni hili hata kama mengine mtayasahau. Aliyejitolea hushukuriwa. Aliyetolewa huombwa radhi, na radhi haiombwi kwa uongo.

Hadithi yangu imefika hapo, na mimi nimefika hapo. Bebeni makonyo mkayamwage.