Mama Aliyepewa Pole ya Kifo Chake

Palikuwa na mama mmoja aliyepewa pole ya kifo chake mwenyewe, akaipokea, akasema asante. Msicheke. Ngojeni kwanza mjue ilikuwaje, ndipo mcheke mkitaka.

Mama huyu alikuwa mjane wa kule milimani, kwenye migomba. Kila asubuhi alipanda na ndoo ya maziwa kichwani mpaka barabara ya juu, na kwa maziwa hayo akamsomesha mwanawe wa pekee hadi chuo kikuu. Akili kijana alikuwa nazo. Lakini mwaka wa pili alizitoa darasani akazipeleka kwenye mpira, na si kuucheza, ni kuubetia. Timu za Ulaya alizijua mpaka makipa wa akiba, ila mwalimu wake wa takwimu hakumjua hata kwa sura. Akafeli. Akarudia masomo pamoja na wadogo zake wa chuo, nao wakawa wanamwita babu. Aibu ikamwingia, mwaka wa tatu akasoma kweli, akaacha kubeti. Lakini alama za chuo ni kama mchuzi uliozidi chumvi: unaongeza maji, na chumvi bado unaionja. Akamaliza kwa pasi, ile ya mlangoni kabisa, ukiteleza kidogo uko nje.

Kazi hakupata. Wenzake wakamwambia, omba ufadhili ukasome masta nje. Siku hizi kila mtoto anaomba kwenda nje, hata yule anayeshindwa kuamka hapa anaamini kule ataamka. Akaomba huku, akaomba kule, kote wakaziona zile alama wakamfungia mlango. Mwisho akapata mfuko mmoja wa ufadhili ambao haukudai alama za juu. Ulikuwa na swali moja tu: Alama zako zilianguka mwaka wa pili. Eleza.

Swali fupi. Na jibu alikuwa nalo, fupi vilevile. Lakini alilizunguka kama kuku anayezunguka kiota chenye siafu, mwisho akaandika kwamba mwaka ule alifiwa na mama yake mzazi.

Basi. Akabonyeza, ikaenda.

Alidhani anawaandikia Wazungu, watu wa kusoma karatasi na kuweka kando. Hakujua kwamba katika ofisi ile alikuwemo mtu wa nchi hii hii, mtu aliyelelewa na wazazi wake. Na mtu aliyelelewa, ukimtajia msiba hujampa habari. Umempa safari.

Siku hiyo mama alikuwa amekaa nje anamenya ndizi, mikono imejaa utomvu. Akasikia hodi. Akainua macho, akamwona mwanamume wa makamo, viatu vya mjini vimekula tope, mkononi ana mfuko wa sukari na kanga mpya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kigoda."

"Samahani, hapa ndipo kwao yule kijana anayeomba kwenda kusoma nje?"

"Ndipo. Mwenyewe yuko mjini."

"Sikumjia yeye." Mgeni akavua kofia. "Mimi natoka huko kwa wafadhili. Nimekuja likizo kwetu, hapo ng'ambo ya mto. Nikasema siwezi kupita barabara ya juu nisishuke kuhani. Poleni sana na msiba."

"Msiba upi tena?"

"Wa mama yake. Najua ni wa siku nyingi, nisamehe nimechelewa."

Mama alichukua ndizi, akaimenya yote, akaitia kwenye maji, akachukua nyingine. Mnajua akina mama tulivyo. Mtu mwingine angeuliza, una wazimu? Yeye, kabla hiyo ndizi ya pili haijaisha, alikuwa ameshaelewa nani amemwua, na kwa nini, na kwamba akifungua mdomo wake vibaya mtoto haendi.

"Tumeshapoa, baba," akasema. "Asante kwa kufika. Mimi ni mama yake mdogo."

Mgeni akamkabidhi sukari na ile kanga. Halafu akaomba kitu ambacho sisi wote tungeomba. Akaomba aonyeshwe kaburi.

Huko kwao watu huzikwa nyumbani, nyuma kwenye migomba, kwa hiyo makaburi yapo. Lakini la mume lilikuwa na jina na picha. Lililobaki bila jina lilikuwa la mama mkwe, na mama mkwe huyo alikufa hawaongei, kisa ni kuku. Tangu azikwe, mkwewe hakuwahi kung'oa hata jani moja pale. Leo akasimama juu ya magugu yale na kichwa ameinamisha, anajililia mwenyewe kwenye kaburi la adui yake.

"Pametelekezwa kidogo," mgeni akasema kwa upole.

"Kijana hakai huku."

"Alikuwa mtu wa namna gani, marehemu?"

Mama akafikiri. "Wa kawaida tu. Mkali. Aliuza maziwa."

"Alimpenda mwanawe?"

"Kupita kiasi."

Mgeni akasali sala fupi. Walipokuwa wanarudi akaanza mazungumzo, kama watu wanavyofanya wakitoka kaburini ili wapumue. Akasema, "Watu hudhani tunatafuta vichwa, mama mdogo. Wenye alama za juu wana wafadhili wao tele. Sisi mfuko wetu ulianzishwa na mzee aliyefukuzwa chuo kwa kufeli, akarudi akamaliza. Anataka wale waliojikwaa na wanaojua walijikwaa wapi. Ndiyo maana tunawauliza waeleze."

"Na wanaeleza?"

Mgeni akacheka. "Wanaumwa, mama! Mwingine kaibiwa kompyuta, mwingine nyumba imeungua. Ila safari hii kuna binti mmoja kaandika: nilikuwa mvivu, nikafeli, nikarudia na wadogo zangu, nikaona aibu, ndipo nikasoma. Hatukumaliza hata ukurasa. Huyo tukampitisha palepale."

Mama akasimama.

Nilikuwa mvivu, nikafeli, nikarudia na wadogo zangu. Si ndiyo habari ya mwanawe hiyo, kasoro mpira? Ukweli ambao kijana aliuzika ndio uliokuwa unatafutwa. Na sasa ofisi yenyewe imekuja mpaka shambani, imesimama mbele yake na viatu vya tope, inacheka. Alichotakiwa kusema kilikuwa, baba, rudi hapa, nimekuongopea, mimi ndiye mama yake, na mtoto wangu naye alifeli hivyo hivyo.

Nyie mngesema? Wewe hapo mbele unayetikisa kichwa, ungesema?

Mama akasema, "Karibu chai, baba, hii sukari tuianze."

Jioni kijana akarudi. Akamkuta mama yake anakoroga uji, kanga mpya iko begani.

"Nzuri hiyo. Nani kakupa?"

"Nimehaniwa."

"Na nani?"

"Na wafadhili wako. Wamenipeleka mpaka kaburini. Kaa chini, usijishike kichwa, kichwa hukukishika wakati wa kuandika. Hebu niambie, nilikufa na nini?"

Kijana akatazama moto. "Presha."

"Presha! Mimi ninayepanda mlima ule na ndoo, wewe ukipanda mikono mitupu unahema kama mbwa?"

"Mama, walitaka sababu. Ningewaambia nini? Kwamba nilikuwa nabeti?"

"Ndiyo."

"Nani angenipokea?"

Mama alikuwa na jibu la swali hilo. Alikuwa amepewa jibu mchana uleule, bure. Hakumwambia. Aliona ameshasema uongo wake, nao umeshakaa, kuutikisa ni kumwaga vyote. Akampa bakuli la uji, akasema, "Basi nenda kasome, nisije nikawa nimekufa bure."

Na kweli kijana alichaguliwa, maana msiba wake sasa ulikuwa na shahidi aliyeliona kaburi.

Siku ya safari, yule mgeni alikuja kuwachukua vijana wote pale uwanja wa ndege. Mama naye alikwenda, na kanga yake ile. Mama wengine waliwakumbatia watoto wao, wakalia mpaka wakashikiliwa. Yeye alisimama pembeni, akalia kilio cha mama mdogo, machozi ya kadiri. Walipopiga picha, mpiga picha akasema wazazi wasogee mbele, ndugu wakae nyuma. Akakaa nyuma.

Huko ugenini vijana wa mfuko ule walikaa nyumba moja. Kwa hiyo kijana alipopiga simu, mama alijifunza kuanza na swali: "Uko na watu?" Kijana akisema, ndiyo, mama mdogo, wanaongea kama mtu na mtoto wa dada yake, habari za ng'ombe na mvua. Akisema, sina mtu, mama, ndipo mama anaachia moyo. Wakazoea. Mtu huzoea hata jiwe kwenye kiatu, mpaka anaanza kutembea vile jiwe linavyotaka.

Mwaka wa pili mama akateleza na ndoo, akavunjika nyonga. Majirani wakambeba mpaka hospitali ya wilaya. Daktari akasema ni lazima apasuliwe, na kwa umri wake, kama ana mtoto, mtoto aje. Wakampigia kijana.

Sasa, mfuko ule ulikuwa na utaratibu mzuri: mwanafunzi akiuguliwa na mzazi, hupewa tiketi na ruhusa palepale. Kijana akaenda ofisini. Akamkuta yule yule aliyeshuka kuhani. Akamweleza kwamba mama yake mdogo amevunjika. Mtu yule akasikitika kweli, maana alimkumbuka, alikumbuka na chai. Akasema, pole sana kijana, utaratibu unataja baba na mama tu, sina namna. Na kijana naye alikuwa na nafasi pale. Mlango ulikuwa wazi, na mtu mwenye huruma alikuwa amekaa nyuma ya meza. Angesema, huyo ni mama yangu, nilimwua mimi kwa kalamu. Akafikiria mtihani wake uliobaki, na ufadhili ambao angenyang'anywa. Akasema, asante, nimeelewa.

Akampigia mama usiku wa kuamkia kupasuliwa. Mama alikuwa kitandani, amejifunika ile kanga.

"Wamekataa," kijana akasema. "Wanatoa kwa wazazi tu. Nitatuma hela kidogo. Watakupasua vizuri, usiogope."

"Siogopi. Uko na watu?"

"Hapana. Niko chumbani peke yangu."

"Mlango umefunga?"

"Nimefunga. Hakuna mtu kabisa." Akapiga mwayo. "Lala salama, mama mdogo."

Hakusikia alichosema. Alikata simu kama mtu aliyesema jambo la kawaida. Mama akaitazama simu mpaka taa yake ikazimika. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mwanamke mwenye maneno, akageuka akauliza, "Mwanao huyo?"

"Hapana," mama akasema. "Ni mtoto wa marehemu dada yangu."

Hadithi imekwisha. Mama alipona, kama ndilo mnalotaka kujua. Sasa anatembea na fimbo.

Naona vitambaa vinatoka kwenye pochi. Virudisheni. Najua mnamlilia huyo mama, mnasema mama ni mama, amekufa kwa ajili ya mwanawe. Hapana. Alikufa kwa ajili ya aibu ya mwanawe, na hilo ni jambo lingine. Kijana alikosa kwa kuogopa. Yeye alikosa akiwa ameshaambiwa dawa iko wapi, akaificha kwenye kanga. Mko wengi humu wa namna hiyo. Mwalimu akiita, mtoto alikuwa anaumwa. Polisi akija, mtoto alilala hapa hapa. Unamfichia, unamfichia, halafu siku ukivunjika nyonga unashangaa mbona huna mtoto.

Lakini sikuja kuwasema akina mama peke yao. Sisi sote tuna alama mbaya. Nani humu alimaliza kwa alama za juu mbele za Mungu? Anyooshe mkono tumwone. Hata mchungaji ametulia, mnamwona. Tumeomba kwenda mahali ambapo kwa alama zetu hatufiki, na mwenye mahali anatuuliza neno moja tu: Eleza. Unadhani anauliza kwa sababu hajui? Karatasi si anayo mkononi? Anataka kusikia kama wewe unajua.

Nasi tunampelekea maiti. Tabia hii tuliitoa bustanini, palepale kwenye tunda. Niliiba kwa sababu ya mshahara, nilipiga kwa sababu ya mke, nilikunywa kwa sababu ya msiba. Kila kosa letu limemzika mtu asiyehusika. Pasi haikumnyima kijana yule kitu chochote. Alikuwa anapokelewa na pasi yake, na mpira wake, na ubabu wake darasani. Maelezo yake ndiyo yaliyomnyang'anya mama.

Kwa hiyo leo ukipiga magoti nyumbani, usiandike insha. Sema: nilikuwa nabeti. Kama si kubeti, unajua mwenyewe ni nini. Sema hilo, kisha nyamaza usubiri.

Na kabla hujapiga magoti, kama yuko mtu uliyemwua kwa mdomo wako ili wewe upite, mpigie simu. Mwite kwa jina lake.